Kombe la 1987 Liachwe kwa Marehemu

Kwa kinyozi wangu kuna mzee ambaye, akitajwa Luka Modrić, yule kiungo wa Kroatia, lazima aturudishe nyuma: "Nyie Yugoslavia hamkuiona." Juzi kijana mmoja akamchokoza. Akauliza, lile kombe la dunia la vijana ambalo Yugoslavia ilichukua 1987, kabla haijavunjika, sasa ni la nani, Serbia au Kroatia? Saluni ikagawanyika kama siku ya Simba na Yanga, na kinyozi akaniacha na kichwa kilichonyolewa upande mmoja akaenda kubishana.

Mimi nasema si la yeyote kati yao. Ile ilikuwa timu ya nchi iliyokufa, na kombe lake nalo liachwe kwa marehemu.

Wanaogombea mirathi ile wanasahau kwamba hata mwenye mali hakuithamini. Timu ilipokwenda Chile Oktoba 1987 chini ya kocha Mirko Jozić, hakuna aliyeitegemea kufika mbali. Siniša Mihajlović, Vladimir Jugović na Alen Bokšić hawakwenda kabisa. Waliokwenda wakaanza kwa kuwafunga wenyeji 4-2, kisha Australia 4-0, kisha Togo 4-1. Hapo ndipo klabu ya Red Star ya Belgrade ikakumbuka kwamba ina mtu wake kule, Robert Prosinečki, na ikamtaka arudi acheze Kombe la UEFA. Ilibidi rais wa FIFA mwenyewe, João Havelange, aingilie kati ndipo akabaki. Robo fainali dhidi ya Brazil, kijana huyohuyo akapiga faulo ya ushindi mechi ikielekea mwisho: 2-1. Mwisho wa mashindano akatangazwa mchezaji bora.

Kumbe kabla ya hapo, kule klabu ya Dinamo Zagreb, kocha Miroslav Blažević alishaapa kwamba atakula cheti chake cha ukocha iwapo huyo Prosinečki atakuja kuwa mchezaji wa maana. Sijasikia kama alikitafuna. Ninachojua ni kwamba 1998 walikuwa pamoja kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa, Blažević akiwa kocha wa Kroatia na Prosinečki akimfungia mabao, wakarudi nyumbani na nafasi ya tatu.

Fainali yenyewe, pale Santiago, ingetosha kumaliza ubishi wa saluni. Yugoslavia iliingia uwanjani bila Prosinečki wala Predrag Mijatović, wote wamefungiwa. Dakika ya 85 Zvonimir Boban akafunga. Mtu ukidhani mambo yameisha, dakika mbili baadaye Ujerumani Magharibi wakapata penalti, na Marcel Witeczek akasawazisha. Wakaenda kwenye matuta. Witeczek huyohuyo, mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7, moja zaidi ya Davor Šuker, akakosa. Penalti ya mwisho akaachiwa Boban. Akaweka. 5-4.

Sasa twende kwenye kugawana. Boban, Šuker, Robert Jarni na Igor Štimac ni Wakroatia, na Jozić pia. Kipa Dragoje Leković ni wa Montenegro, na Mijatović na Branko Brnović pia. Beki Gordan Petrić ni Mserbia. Na Prosinečki je? Kazaliwa Ujerumani, baba Mkroatia, mama Mserbia. Huyu mtamkata wapi? FIFA kwa vitabu vyake inaihesabu Serbia kuwa mrithi wa Yugoslavia, sawa, karatasi lazima ziwe na mwenyewe. Lakini Serbia yenyewe ilishachukua kombe lake la vijana 2015 kule New Zealand, kwa kuwafunga haohao Brazil 2-1. Lile ni lao, hakuna wa kubisha.

Mzee wetu ana wimbo mwingine: laiti nchi isingevunjika, wale vijana wangebeba Kombe la Dunia. Hapo ndipo tunapoachana. Ni kweli, 1992 Yugoslavia ilitolewa kwenye Euro kwa sababu ya vita, Denmark wakaingia kuziba pengo na wakabeba kombe. Inauma. Lakini "laiti" haifungi bao. Walichokifanya wale vijana kilionekana, na kilionekana hata baada ya bendera kushushwa. Jozić alirudi Chile akaipa klabu ya Colo-Colo Copa Libertadores ya 1991, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini. Šuker akawa mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1998 kwa mabao 6.

Na mwaka huohuo, mwezi Mei, Amsterdam, fainali ya Ligi ya Mabingwa: Real Madrid na Juventus. Bao pekee la mechi kafunga Mijatović, dakika ya 66. Wakati huo yeye na Šuker wanachezea mataifa mawili ambayo miaka michache nyuma yalikuwa yakipigana. Dakika ya 89 Madrid wakafanya mabadiliko. Mijatović akatoka, Šuker akaingia kuchukua nafasi yake.