Saisi (mtunza farasi) kupigwa teke na farasi si "bahati mbaya" tu

Jamani, wachangiaji wengi hapa mnamwambia huyu saisi aliyepigwa teke na farasi akavunjika mkono eti amwachie Mungu, kisa alijizungushia kamba ya farasi mkononi. Ni kweli kamba haizungushwi mkononi, inakunjwa na kushikwa katikati, maana farasi akishtuka inakaza na kuondoka na vidole. Lakini hapa Kenya uzembe wa namna hiyo haumfutii fidia. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 haiulizi kwanza nani alikosea. Inauliza kama aliumia akiwa kazini. Angekuwa amejiumiza kwa makusudi, hapo tungezungumza mengine.

Na huyo anayemhimiza akimbilie kortini moja kwa moja anampoteza. Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo Desemba 2019: dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Amjulishe mwajiri kwa maandishi, atunze fomu za daktari, na dai liwe limefika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri naye anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi, tena kibarua wa banda asidanganywe kwamba hahesabiki.

Mteja aliyelipia kupanda farasi ana njia nyingine kabisa. Yeye ndiye wa kwenda kortini kuthibitisha uzembe, mfano kupewa farasi mkorofi bila kuonywa, au tandiko lenye mkanda uliochakaa.