Nyanya Imetembea Kuliko Mimi

Jamani, nauliza tu. Hivi Goba nzima hapa Dar tukishajenga, tutakula vigae?

Juzi nimetumwa gengeni. Fungu la nyanya elfu moja, nyanya zenyewe nne, na moja imebonyea. Nahoji, mama wa genge ananijibu bila kuniangalia: "Baba, hizo za Ilula, na mafuta yamepanda." Ilula! Iringa huko, zaidi ya kilomita 400. Nyanya imekatiza Mikumi, imeona tembo bure, mimi tembo namjua kwenye kalenda. Isiringe kwa nini? Vitunguu vya Mang'ola, viazi vya Njombe. Kwenye sufuria yangu mwenyeji ni maji tu, na hayo nayo kwa mgao.

Kuna mzee hapa jirani, alikuwa na shamba la mihogo. Ukichuma jani moja la kisamvu anakutoa mbio na panga. Wakaja madalali: "Mzee, 20 kwa 20, umeme upo, barabara inakuja." Shamba likakatwa kama keki ya harusi, mzee akanunua bodaboda mbili. Sasa tunakutana naye gengeni anabembeleza aongezewe kisamvu, tena cha kutoka Mkuranga. Nikimwambia, "Shikamoo mzee, habari za shamba?" haitikii.

Simlaumu sana. Sensa ya 2002 Dar tulikuwa karibu milioni 2.5, ya 2022 tukazidi milioni 5.3. Hao wote walale wapi, juu ya mikorosho? Ila wote tunataka nyanya jioni ileile, na hakuna anayetaka kuishi jirani na anayezilima, eti samadi inanuka.

Tukaambiwa tulime kwenye viroba. Nikapanda mchicha pembeni ya ukuta, ukakubali kweli. Kuku wa jirani wakaja kuukagua, wakaumaliza. Nikapanda tena, nikaweka wavu. Safari hii kaja mwenye nyumba, kasimama pale na futi kamba, anapima.

"Hapa panatoka fremu mbili za maduka."

Tofali zimeshashushwa, juu ya mchicha. Fremu ya kwanza imeshapata mtu, kalipa kodi ya miezi sita, anafungua saluni ya kucha. Nimemuuliza mke wangu kama kucha za bandia zinaungwa kwa nazi au kwa karanga. Kaninyima chai.