Kanisa Linauliza HIV Kabla ya Harusi. Sikoseli Je?

Mwezi Oktoba kanisa letu hapa Kisumu hugeuka waridi. Akina mama wa kwaya hufunga vitambaa vya waridi shingoni, vijana huvaa tisheti, na mgeni hupewa dakika kumi baada ya matangazo aeleze jinsi mwanamke anavyoweza kujikagua titi. Tarehe 1 Desemba, Siku ya Ukimwi, tunawasha mishumaa. Mwezi Mei, siku za presha, hema husimamishwa kando ya ofisi ya mchungaji na wazee hupanga foleni wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Sina ubaya na siku hizo hata moja. Baba yangu mdogo alijua ana presha chini ya hema hilo hilo, na siku hiyo alikuwa amekuja tu kumsindikiza mkewe.

Lakini miaka yote niliyokaa kwenye mabenchi yale sijasikia tarehe 19 Juni ikitajwa. Ni Siku ya Sikoseli Duniani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha Desemba 2008, na mwaka uliofuata ikaanza kuadhimishwa. Vitabuni ugonjwa wenyewe unaitwa selimundu, na jina limekaa sawa, maana chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni mviringo, hujikunja ikawa kama mundu. Ila ukisema selimundu mtaani pale Kondele utaulizwa ni chama kipya cha nani. Basi tuseme sikoseli.

Ukiniuliza ni ugonjwa gani wa damu ulio wetu hasa, sisi watu wa kando ya ziwa, nitakuambia ni huu. Hilo limejulikana muda mrefu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil, huko Nakuru, alizunguka Kenya mwaka 1949 akichukua damu za watu. Akakuta kwamba pwani na kando ya Ziwa Viktoria wenye chembe hizo walipita 20 kwa kila 100, ilhali nyanda za juu hawakufika hata 1. Mwaka 1954 akachapisha sababu: malaria. Aliyerithi jeni moja tu ya sikoseli, yule tunayemwita AS, haugui sikoseli, na malaria kali haimwangushi kwa urahisi. Mbu wa ziwa hili walitufanyia mchujo kwa karne nyingi, na waliobaki hai wakatuachia damu hii. Nikisikia mtu anasema ni laana ya ukoo fulani huwa nacheka kwa uchungu. Jeni hiyo ilikuwa kinga ya bibi zetu.

Taabu huanza AS anapomwoa AS. Kila mimba ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne mtoto awe AA, yaani hana jeni hiyo kabisa, mbili awe AS kama wazazi, na moja awe SS, mgonjwa. Nasema kila mimba kwa sababu nimewasikia watu wazima, wenye diploma, wakihesabu kwamba wa kwanza akitoka mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kura haikumbuki ya jana.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi saba mikono ilipomvimba. Vidole vilifura kama mandazi yaliyoumuka, vikang'aa, na ukivigusa analia mpaka sauti inakatika. Kabla ya hapo alikuwa mtoto mnene, mcheshi, na sasa naelewa kwa nini: miezi ya kwanza mtoto bado anatumia ile damu ya tumboni mwa mama, ambayo haijikunji. Dada alipewa panadol. Baadaye macho yakawa ya manjano, akapewa dawa ya malaria. Mama mkwe wake akasema ni chira, kuna mwiko umevunjwa, na upande wa baba wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini bibi arusi alitoka na nini kwao. Aliombewa. Alipakwa mafuta. Nilikuwapo usiku mmoja walipomwombea, dada amempakata na mtoto amekunja magoti hadi kifuani, na muumini mmoja akamwambia atubu dhambi iliyofichika. Dada yangu! Mtu ambaye dhambi yake kubwa ni kuchelewa ibada ya kwanza.

Kipimo alifanyiwa akiwa na miaka mitatu. Miaka mitatu, na muda wote huo tulikuwa tukienda kanisani kila Jumapili.

Siku hizi kijana huyo anaendelea. Amekunywa penisilini mara mbili kwa siku hadi akafikisha miaka 5, kwa sababu wengu wa watoto hawa huharibika mapema na maambukizi ya kawaida yanaweza kuwaua. Anameza foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, anakunywa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza chembe kujikunja, analala ndani ya neti, anabeba chupa ya maji shuleni, na kukinyesha jioni anavaa sweta mbili. Hakuna muujiza hapo, ni ratiba tu. Watoto wengi barani Afrika wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa kabla ya miaka 5, na wengi wao hufa bila mtu kujua walikuwa na nini. Kaburini huandikwa malaria, au haiandikwi kitu.

Sasa nirudi kanisani.

Mimi na mke wangu tulipotaka kufunga ndoa tulipewa karatasi yenye orodha: vyeti vya ubatizo, barua ya wazazi, picha za pasipoti, majina ya wasimamizi, na katikati ya orodha, majibu ya kipimo cha HIV kisichozidi miezi mitatu. Tulipima, tukapeleka. Hatukujua wakati huo kwamba sheria ya Kenya ya HIV ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima ili aruhusiwe kuoa. Sidhani hata kamati ilijua. Naielewa nia yao, maana Nyanza tulizika watu mpaka mbao za majeneza zikatuchosha, na kanisa ambalo mwanzoni lilisema ni adhabu ya zinaa lilikuja kujirudi, likaamua kutenda. Nami sisemi ile orodha iongezwe mstari mwingine wa lazima. Nashangaa tu kwamba miezi yote ya mafunzo ya ndoa, tulipofundishwa bajeti na jinsi ya kuishi na wakwe (somo hilo lilichukua Jumamosi mbili, na bado halitoshi), hakuna aliyetamka neno sikoseli. Hapa Kisumu!

Nilimwuliza mchungaji wetu, kwa heshima, nje baada ya ibada. Akanijibu, "Ndugu yangu, ukiwaletea vijana hesabu hizo utavunja harusi."

Inawezekana zitavunjika moja mbili. Nigeria makanisa mengi hudai kipimo hicho, na yapo yanayokataa kabisa kuwafungisha ndoa AS wawili. Mimi sitaki tufike huko. Watu wawili wazima wakijua hali yao, wakaamua kuoana hivyo hivyo na kumpima kila mtoto anapozaliwa, hiyo ni haki yao na baraka wapewe. Nisichokikubali ni kuwapeleka madhabahuni wakiwa hawajui, halafu miaka mitatu baadaye tuje tumwambie mama atubu. Majibu wapewe wao wawili, faraghani, na mhudumu wa afya. Kamati ya harusi ina kazi ya kutosha na mahema na keki.

Kipimo chenyewe kimerahisika. Kuna kile cha tone moja la damu kutoka kidoleni, majibu kwa dakika chache, na kinamtofautisha AS na SS, jambo ambalo kile cha zamani cha kuangalia tu kama chembe zinajikunja hakiwezi. Mwenye majibu ya kutatiza atapelekwa maabara kubwa.

Tena kalenda imetupangia. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangiaji damu duniani, 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, 19 ni ya sikoseli. Ndani ya siku sita, na zote tatu zinakutana kitandani kwa mtoto mmoja: mtoto wa Kiafrika, SS, anayesubiri chupa ya damu. Na damu yenyewe tunajua inavyopatikana. Benki za damu nchini zimezoea kuegemea wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa tu unaanza kuona ujumbe wa WhatsApp unaomba O hasi. Kanisani Jumapili asubuhi kuna watu wazima mia kadhaa wenye zaidi ya kilo 50, wengi wao na afya kuliko wanavyokiri. Akina baba hasa. Hawaji kwenye hema la presha kwa sababu wanaogopa kuambiwa wanaumwa, lakini mwombe mwanamume atoe kitu, hata damu, umtangaze kidogo, utaona anavyojitokeza.

Ombi langu moja kwa kamati, na hili limetoka kwa jambo lililotuudhi. Mwaka mmoja kuna wageni walikuja na bango kubwa, wakapima watu sukari na presha, wakapiga picha, na mama mmoja wa jumuiya yetu akaandikiwa namba ya juu kwenye kikaratasi na kuambiwa aende hospitali. Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyeuliza ataenda na nini. Wiki ya tatu akapooza upande mmoja. Tangu hapo sipendi hema lisilo na Jumatatu. Tunao wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na mashine za presha mwaka 2023, na wengine wao wanaimba kwaya na sisi. Wapewe majina, wenyewe wakiridhia, wafuatilie nyumbani. Shemasi anajua nani hajalipa ahadi ya mabati. Anaweza pia kujua nani hajafika kliniki.

Najua wapo watakaosema kanisa si hospitali. Hao waende Kaimosi wawaulize Wakweka, wamisionari wa Friends waliofika mwaka 1902, au wapite hospitali ya misheni ya Maseno. Huku kwetu Injili ilikuja na sindano mkononi, na mimi nilizaliwa katika hospitali ya misheni kama nusu ya wasomaji wangu. Wachungaji wanaopenda andiko wasome Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Yesu anawajibu si yeye wala si wazazi. Ningelipa fungu la kumi mara mbili kusikia hayo yakihubiriwa Juni, mama mkwe wa dada yangu akiwa benchi la mbele.

Nimeshaandika barua. Mwaka 2026 tarehe 14 Juni inaangukia Jumapili, kwa hiyo nimeomba siku hiyo: watu wa benki ya damu, meza ya kipimo cha kidole upande wa watoto, na dada yangu kwa dakika tano kwenye kipaza sauti. Katibu amenijibu kwamba Jumapili hiyo tayari kuna harambee ya paa. Nikamwambia sawa, wachange asubuhi pesa, mchana damu. Anasema ataipeleka kwa wazee. Dada, kwa upande wake, ameshaanza kuandika ya kusema, na jana alinipigia simu kuuliza kama akitaja ile habari ya kutubu atakuwa amekosea.