Shujaa wa shule abebe ngao, mkuki auache

Shule ikitaka maskoti, yaani mdoli mkubwa wa kuvaliwa na mtu, kikao huanza na simba na kuishia na simba. Simba tayari ana wenyewe, klabu ya soka ya Simba, na mashabiki wake wanaujaza uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma. Kwa shule za Kongwa, Bahi au Manyoni, shujaa mdogo mwenye ngao anafaa zaidi.

Ila asiwe Mkwawa. Huyo mtwa (chifu) wa Wahehe alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lake likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Mtu wa namna hiyo hafanywi mdoli wa kurukaruka kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Buni shujaa asiye na kaburi, na jina lake walipigie kura wanafunzi.

Kinachomfanya apendwe ni vipimo. Kichwa kichukue thuluthi ya urefu wote; macho yawe makubwa, yaachane, na yakae chini ya nusu ya uso. Nyusi zikishuka kuelekea puani amekasirika, na darasa la kwanza watalia. Meno ya nini?

Kazi kubwa iko kwenye hicho kichwa. Chukua sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 2.5, uikate kwa wembe mpya. Mkasi huibana na ukingo hutoka umepinda. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi, kisha jua la saa nane linapiga na mshono unaachia mbele ya mgeni rasmi. Ndani funga kofia ngumu ya mafundi ujenzi yenye mkanda wa kidevuni, la sivyo kichwa kinazunguka na mvaaji anabaki anatazama shavu. Kiache kivulini siku mbili, harufu ya gundi iishe kabla mtoto hajakivaa.

Mvaaji huonea mdomoni, palipozibwa kwa neti nyeusi. Tundu la hewa la upana wa kiganja liwe utosini, lifichwe na nywele bandia. Mwili ushonwe kwa kitambaa cha pamba, na mgolole begani na shanga shingoni. Kitambaa cha manyoya hutunza joto na vumbi lote la kiangazi.

Ngao ni maboksi mawili yaliyobandikwa, mistari ya moja ikikatiza ya jingine ili isikunjike. Mkuki sitaki kuuona. Mvaaji haoni hata miguu yake, seuze ncha ya mti katikati ya watoto. Awe na mwenzake wa kumshika mkono, avue kila baada ya dakika 15, anywe maji.

Maskoti anayeonekana fainali tu ni pambo. Asimame getini kidato cha kwanza wanaporipoti, aje kwenye mahafali na hata kwenye mdahalo. Haongei, kelele ni za jukwaani. Na kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, kwa hiyo wasichana ndio waongoze kushangilia, wavulana waitikie.

Baada ya mechi futa ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ukaushe kivulini, kwani juani sponji hugeuka njano na kumeguka. Kichwa kihifadhiwe juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kikilazwa sakafuni, shavu moja litabonyea mpaka muhula ujao.