Acheni kuanika raba juani

Masika yakiingia Dar es Salaam, Machi hadi Mei, jua likichomoza kidogo tu utaona raba za mazoezi zimepangwa ukutani. Inaudhi! Jua kali hulegeza gundi na kukakamaza soli, kiatu kinabanduka kabla mvua hazijaisha. Toa kamba na soli ya ndani, suuza tope kwa maji baridi, jaza magazeti makavu hadi vidoleni, weka kivulini penye upepo. Baada ya saa moja au mbili magazeti yameshalowa: badilisha, na badilisha tena kabla ya kulala. Ukiyaacha yaleyale usiku kucha, kiatu kinavunda.

Na hizo soksi za pamba kwenye mvua ni za nini? Pamba hushika maji, ngozi inalainika, inasuguliwa, malengelenge yanatoka. Vaa za nailoni au poliesta, paka mafuta ya mgando vidoleni na kisiginoni.

Dimbwi usilolijua kina lizunguke, tafadhali. Maji ya tope huficha shimo, hata chemba isiyo na mfuniko, na hapo kifundo cha mguu kinateguka kwa hatua moja tu.