Old Joe wa Birmingham na ardhi ya Uasin Gishu

Wakenya wanaokuja kusoma Birmingham, kabla hata hawajafungua masanduku vizuri, hupiga picha mbele ya Old Joe, mnara wa saa wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Siwalaumu. Mnara huo wa matofali mekundu, wenye kimo cha takriban mita 100, ulijengwa kati ya 1900 na 1908, na kengele yake kubwa ina uzito wa zaidi ya tani 6. Wanafunzi ambao hawajahitimu hukwepa kupita chini yake wakati inalia, wasije wakafeli. Saa ya zaidi ya karne moja, na bado inafanya kazi! Utunzaji wa namna hii nawaonea wivu.

Lakini ndugu zangu, huyo Joe ni Joseph Chamberlain, mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Mji huu unamheshimu kwa sababu alipokuwa meya, miaka ya 1870, alifanya maji na gesi kuwa mali ya umma. Sisi wa Uasin Gishu, katika nyanda za juu za Kenya, tunamdai hadithi nyingine. Desemba 1902, akiwa waziri wa makoloni, alisafiri kwa reli mpya kutoka Mombasa, akapendezwa na nyanda za juu. Mwaka uliofuata akamdokezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta taifa lao, kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wangeweza kupewa makao huko, na ardhi iliyokuja kutajwa ni yetu. Wanandi na Wamaasai waliolisha ng'ombe humo hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Mkutano wa Wazayuni ulikataa mpango huo 1905. Oktoba mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepinga utawala wa Waingereza, alipigwa risasi alikokuwa ameitwa kwa mazungumzo ya amani, na 1908 Makaburu wakaanza kuingia Uasin Gishu na mikokoteni yao.

Haya yote nimeyajua nikiwa ughaibuni. Nyumbani nilisoma hadi chuo kikuu na hakuna mwalimu aliyenigusia, ilhali tulikuwa tumekaa juu ya ardhi yenyewe. Hilo linaniuma kuliko mnara wowote wa Waingereza. Wao wamemjengea mtu wao, ni haki yao. Sisi je? Sidai mnara. Vyuo vilivyo Uasin Gishu vina wanahistoria, vina viwanja, na wazee wa kusimulia wako jirani. Viweke jiwe lililochongwa kwa Kinandi, Kimaasai na Kiswahili, na somo hilo lifundishwe mwaka wa kwanza kwa kila mwanafunzi, hata anayesomea uhandisi.