Tani milioni 220 ambazo ripoti ya mgodi haikuzihesabu

Kuna maneno nayasikia sana hapa Mombasa kila makaa ya mawe yakitajwa, na ukweli yana utamu wake: ati wazungu walitupigia kelele tusijenge stesheni ya stima ya makaa Lamu na huku wenyewe kwao wajifungulia mgodi mpya. Mgodi wenyewe ni ule wa Whitehaven, Cumbria, kaskazini magharibi ya Uingereza, wa chini ya ardhi, na handaki zake zingeingia mpaka chini ya bahari. Desemba 2022 waziri Michael Gove akaupa ruhusa, wa kwanza wa aina hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na hapo watu wakachukua kichwa cha habari wakaenda zao. Kilichofuata wengi hawakukifuatilia. Tarehe 13 Septemba 2024 Jaji Holgate wa Mahakama Kuu akaifuta ruhusa ile, na 2025 kampuni yenyewe ikaondoa ombi lake. Na hata hao waliosikia hili la pili walilibeba vibaya, wasema wanamazingira wenye shibe wamewanyima watu wa chini kazi.

Hao wa kazi tuwasikize kwanza, kwa sababu si wajinga. Whitehaven ni mji uliolelewa na makaa. Mgodi wa mwisho mkubwa pale, Haig, ulifungwa 1986, kiwanda cha kemikali cha Marchon nacho kikafungwa 2005, na ni kwenye kiwanja hicho hicho cha Marchon kampuni ilitaka kujenga. Iliahidi kazi kama 500, kazi za mishahara, si vibarua. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hisia hizo, si tuliandamana 2019 makontena yalipolazimishwa kupanda reli ya SGR na madereva wa malori na watu wa yadi wakabaki kuangaliana? Ukimuambia mtu kama huyo habari za kaboni ya miaka ishirini ijayo atakuuliza wewe wala wapi.

Halafu kuna chuma. Makaa ya Whitehaven hayakuwa ya kuzalisha stima, yalikuwa ya kuyeyushia chuma kwenye matanuri, na Aprili 2025 bunge la Uingereza liliitwa siku ya Jumamosi kupitisha sheria ya haraka kuyaokoa matanuri ya kiwanda cha chuma cha Scunthorpe yasizimike, makaa yake yakaja kwa meli kutoka ng'ambo. Waliounga mgodi mkono wakasema mwaona sasa. Sawa, ni hoja. Lakini kwa mipango ya mgodi wenyewe asilimia 85 hivi ya makaa ilikuwa iuzwe Ulaya, si Scunthorpe, na tanuri la mwisho la kiwanda chengine cha chuma, Port Talbot huko Wales, lilizimwa 30 Septemba 2024, wiki mbili tu baada ya hukumu. Yaani soko la nyumbani lilikuwa likiyeyuka lenyewe, jaji hakuligusa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona watu hawajakielewa kabisa. Jaji hakusema makaa ni haramu, wala hakusema Whitehaven isipate kazi. Alichosema ni kwamba hesabu iliyoletwa mezani haikuwa kamili.

Angalia hesabu yenyewe. Januari 2021 kamati inayoishauri serikali ya Uingereza juu ya tabianchi, mwenyekiti wake wakati huo Lord Deben, iliandika kwamba mgodi ule utaongeza gesi chafu za nchi kwa tani 400,000 kila mwaka. Hizo ni za shughuli za mgodi wenyewe, mashine na methani inayotoka mwambani, na kampuni iliahidi itaikamata methani na kinachobaki itakilipia kwa kununua fidia za kaboni, yaani kumlipa mwengine apunguze gesi kwa niaba yake, ndo maana ikajiita mgodi usioongeza kaboni hata kidogo. Vizuri. Lakini makaa yachimbwa ili yachomwe, hakuna mtu anunuaye makaa ya kuyeyushia chuma akayapamba sebuleni. Mgodi ulipangwa kutoa karibu tani milioni 2.8 kwa mwaka mpaka 2049, na moshi wa kuyachoma yote ulikadiriwa tani milioni 220. Gawanya kwa miaka 25 wapata milioni 8.8 kwa mwaka. Weka kando ya zile 400,000: mara ishirini na mbili. Yaani ripoti ya athari kwa mazingira ilichambua sehemu moja na kuziacha ishirini na mbili, halafu ikaitwa tathmini! Na kwa anayetaka kipimo cha hapa kwetu, Kenya nzima, mashamba, ng'ombe, matatu, viwanda na kila kitu, mwaka 2015 ilitoa tani milioni 93.7 kwa hesabu ya serikali yetu wenyewe. Mgodi mmoja, kwa umri wake wote, ungepita miaka miwili ya nchi nzima.

Kampuni na waziri walikuwa na jibu, na jibu lenyewe ni lile la muuza muguka wa pale mtaani: nisipouza mimi atauza jirani, mlaji ni yule yule. Makaa yetu, walisema, yatachukua nafasi ya makaa ya Marekani kwenye matanuri yale yale, kwa hivyo moshi hauongezeki. Lasikika la busara mpaka uulize, huyo Mmarekani ataacha kuchimba kweli? Au atapunguza bei auze kwengine, na dunia iwe na makaa mengi na rahisi kuliko jana? Waziri alichukulia kwamba tani moja ikiingia nyengine itabaki ardhini huko Marekani, na jaji akaona hapo kisheria pamekosewa. Na zile fidia za kaboni za kununuliwa nje nazo zikagonga mwamba, kwa sababu sera ya Uingereza haikuwa ikizitegemea kutimiza malengo yake.

Msingi ulikuwa ushawekwa miezi mitatu nyuma, 20 Juni 2024, kwenye kesi ya visima vya mafuta vya Horse Hill, Surrey. Ripoti ya pale ilihesabu tani 140,958 za eneo la visima, ikaacha karibu milioni 10.6 za kuyachoma mafuta yenyewe. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema, majaji watatu kwa wawili, kwamba ukijua kwa hakika mafuta yatachomwa, moshi wake ni athari ya mradi. Wale wawili waliopinga hawakuwa wapuuzi, hofu yao ni kwamba afisa mipango wa kaunti atwikwa mzigo wa siasa za dunia. Lakini kuhesabu si kuamua. Ukishahesabu bado waweza kuruhusu, ila utaruhusu mchana kweupe.

Na hapa ndipo ile kejeli ya Lamu yanipa tabu. Leseni ya ile stesheni ya megawati 1,050 ilifutwa 26 Juni 2019 na baraza letu la kuamua kesi za mazingira, la Wakenya, kesi ikiwa imeletwa na watu wa Lamu wenyewe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na suala la tabianchi lilipitiwa juu juu. Si mzungu aliyetukataza. Isitoshe, sisi twalitangulia jopo la London kwa miaka mitano, na hatujisifu.

Suala la mpaka wa hesabu Mombasa twalijua kwa machungu. Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, sumu ya madini ya risasi haikukaa ndani ya ukuta, ilifuata vumbi na maji mpaka kwenye damu ya watoto wa majirani, na fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyotolewa Julai 2020 ilibidi ipiganiwe mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya Desemba 2024. Pita Kilindini siku meli ya makaa ya viwanda vya simenti inapakuliwa: turubai za malori zimetanda unga mweusi, makuli wamejifunga vitambaa puani, ukifuta kioo cha gari kidole chatoka cheusi.

Kwa hivyo macho yangu yako kwa mafuta ya Turkana. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama 240,000, ilitokea hapa hapa bandarini, na mipango ya kuchimba kwa wingi yarudi mezani. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu lakini mawakili huzinukuu kila siku. Ripoti ya mradi ule nikiipata kwa NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, mimi nitaruka kurasa za barabara na ngamia nitafute moja tu, ile ya moshi wa mafuta yakishavuka Likoni.